Mashine Iliyohamishwa Shangazi Akiwa Kwenye Uji

Ipo siku moja ambayo nikiikumbuka nikiwa msibani hunibidi nitoke nje kwanza nikacheke huko, watu wasije wakadhani nimemfurahia marehemu. Ni siku niliyohamisha mashine ya kuchambulia pamba kutoka chumba kimoja kwenda kingine, kwa akili zangu mwenyewe na kwa hesabu iliyo sahihi kabisa, na kiwanda kizima kikasimama huku injini inanguruma.

Nakusimulia wewe, mwanangu, kwa sababu juzi ulipokuja nyumbani ulinieleza kazi yako ya Bariadi, na niliielewa kuliko ulivyotegemea. Ulisema kwenye chumba chenu kile chenye baridi ya kugandisha maziwa mna seva moja kubwa kama kabati la bibi harusi. Chuma ni kimoja, lakini ndani mmekigawa sehemu, wenyewe mnaziita patisheni, na kila sehemu inajiona ni kompyuta kamili isiyo na jirani. Hii ya mishahara, hii ya ardhi, hii ya hospitali. Kila moja ina prosesa zake na kumbukumbu yake. Mwisho wa mwezi ile ya mishahara inalemewa, ile ya ardhi inasinzia, basi wewe unachomoa nguvu huku unaichomeka kule, na hakuna kinachozimwa. Ukaniambia, kwa majivuno kidogo, kwamba hayo ni mambo mapya.

Nilikuwa nakutazama tu. Mwanangu, mimi nimeifanya kazi hiyo wakati baba yake huyo aliyeibuni seva yako hajaota hata ndevu.

Ilikuwa enzi za Ujamaa, na mimi nilikuwa msimamizi msaidizi wa zamu ya mchana kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Cheo hicho nilikipata kwa masomo ya jioni ya watu wazima. Niliingia darasani siijui hata a, nikatoka najua kugawanya kwa desimali. Cheti changu nilikitundika ukutani juu kuliko kalenda, na nilipopita njiani nilibenua kifua hadi vifungo vya shati vikaomba likizo. Nilikuwa naamini, na hapa usinicheke, kwamba jambo lolote duniani ukilipigia hesabu likakubali, basi na watu watakubali.

Kiwanda chetu kilikuwa na injini moja ya dizeli. Mlio wake ulisikika hadi Mwanhuzi, na wafugaji wa huko walikuwa wanakamulia ng'ombe kwa saa yake. Injini hiyo ilizungusha shafti ndefu iliyopita juu, ikatoboa ukuta, ikaingia vyumba viwili. Chini ya shafti zilipangwa mashine za kuchambulia, kila moja na mkanda wake, na kila moja na mtu wake aliyekaa mbele yake akiilisha pamba kwa mkono. Nguvu moja, vyumba viwili. Umeshaanza kuiona seva yako, nadhani.

Chumba cha kushoto kilichambua pamba safi, ile nyeupe isiyo na doa. Chumba cha kulia kilichambua fifi, yenye majani na madoa ya wadudu. Hivyo vitu viwili havikutani, mwanangu. Nyuzi chache tu za fifi zikiingia kwenye robota la safi, mkaguzi wa madaraja analishusha robota zima. Hata mifagio ilikuwa mbalimbali. Kwa hiyo usiniulize kwa nini hatukubeba tu pamba ya chumba kimoja tukaichambulia kingine. Wengi wameniuliza, na wote hawajawahi kumkuta mkaguzi wa madaraja akiwa na njaa.

Halafu kulikuwa na ukuta mwingine, usioonekana. Wewe umekulia mjini, ila umewahi kusikia habari za Wagika na Wagalu, zile pande mbili za ngoma za Usukuma. Wakimaliza kuvuna, wanapambana uwanjani, na upande utakaovuta watazamaji wengi ndio mshindi. Na kila upande unaamini mwenzake hashindi kwa miguu, anashinda kwa dawa. Hakuna meneja aliyeandika amri, lakini mwaka hadi mwaka chumba cha safi kilijaa Wagika na chumba cha fifi kilijaa Wagalu. Na mwaka ule mashindano yalikuwa yamekwisha kwa ubishi, kila upande unadai umeshinda. Wakawa wanasalimiana asubuhi, mwangaluka, mwangaluka, kwa adabu zote, kisha kila mtu anapitia mlango wake kama wakimbizi wa nchi mbili.

Kiongozi wa Wagika alikuwa mzee Ng'wandu, mtu mnene mwenye furaha, aliyedai aliwahi kucheza ngoma na fisi hadi fisi akaomba maji. Wagalu waliongozwa na shangazi yangu Minza, dada wa baba yangu. Sauti ya shangazi ingeweza kusimamisha treni Malampaka bila bendera. Alikuwa akinusa ugoro, na akiwa kwenye mashine yake kopo lake la ugoro halikuwahi kuwa mbali naye zaidi ya urefu wa mkono.

Sasa sikiliza. Msimu ulikuwa ukingoni na mvua za vuli zinanusa mlango. Pamba ya kijiji chetu, ile ya shamba la ushirika tulilolilima bega kwa bega, ilikuwa imemwagwa uani kwa sababu ghala lilijaa hadi mlangoni. Rundo kubwa kama kilima, na yote safi. Turubai lililokuwepo lilifunika marobota. Pamba ikilowa inageuka rangi, mbegu zinapata joto zinachipua, na mwaka mzima wa kijiji unakuwa chakula cha mbuzi. Meneja wetu alikwenda Shinyanga kutafuta vipuri, na kabla ya kupanda gari akanishika bega.

"Ndugu msimamizi msaidizi, sikuachii kazi nyingi. Nakuachia moja. Pamba ile isinyeshewe."

"Haitanyeshewa, ndugu meneja."

Nilijibu haraka kuliko inavyofaa.

Asubuhi hiyo hiyo, upande wa ziwani, wingu likaanza kujenga. Nikaingia chumba cha kushoto: Wagika wanatokwa jasho, mashine zao zimeshiba hadi zinapiga mbweu, na rundo nje halipungui. Nikaingia cha kulia: fifi imebaki kidogo tu, mashine zinatafuna upepo, Wagalu wanasuka ukili na kusimuliana. Na kule kushoto kulikuwa na misingi miwili ya saruji mitupu, bolti zimesimama wima, kwa sababu mashine zake mbili zilipelekwa matengenezo. Nikatoa penseli nyuma ya sikio. Hesabu ikakubali palepale. Toa mbili kulia, weka kushoto, rundo linakwisha kabla ya mvua. Nakuapia, mwanangu, hesabu ile hata leo ukiipeleka chuo kikuu wataipigia makofi.

Saa ya uji ikafika. Wagalu wakatoka kwenda nyuma ya ghala kunywa. Nikaona hii ndiyo nafasi, nitafanya upesi, wakirudi watashukuru. Nikaita vibarua na maksai wa kuvuta sleji, lile tela la mbao lisilo na magurudumu tulilobebea marobota. Fundi wa injini, bwana Hamisi, mtu wa Ujiji mwenye sauti ya taratibu, akachungulia huku anafuta mikono kwa tambara.

"Msimamizi, unaihamisha ya Minza?"

"Ndiyo iliyo karibu na mlango."

"Na yeye anajua?"

"Ataona akirudi."

"Ahaa," akasema Hamisi. "Ataona." Akarudi kwenye injini yake.

Nikausukuma mkanda kwa fimbo hadi ukaangukia kwenye puli tupu, ile inayozunguka bila kuendesha mashine, tukafungua nati, tukainua, maksai wakavuta. Injini haikusimama hata kidogo. Nilijiona bingwa. Tukaipitisha uani, tukaiingiza kwa Wagika, tukaikalisha juu ya msingi, tukakaza. Mzee Ng'wandu alikuwa ameacha kulisha mashine yake, ananitazama.

"Hiyo si ya Minza?"

"Ni ya kiwanda, mzee. Ni mali ya wananchi wote."

"Sijakuuliza ni ya nani kwa siasa. Nimekuuliza ni ya nani."

"Ilikuwa ya shangazi. Sasa ni yenu. Weka mtu ailishe."

"Umeikagua?"

"Nikague nini?"

"Kama hujui cha kukagua, basi hujakagua."

Hakuna aliyekaa. Basi nikakaa mimi mwenyewe, msomi, kuwaonyesha mfano. Nikavuta mkanda, mashine ikaamka, na kitu cha kwanza ilichofanya ni kutema fifi iliyokuwa bado mdomoni mwake, majani na takataka zake, ikaimwaga juu ya pamba nyeupe pee ya Wagika. Kina mama wakapiga kelele. Nikainama kuiokota. Kumbe shangazi alipoondoka kwenda kwenye uji alikuwa ameacha vitu vyake kwenye sinia la kulishia, kama mtu yeyote anayejua kwamba atarudi: kipande cha kanga cha kukalia, na chini yake kopo la ugoro.

Mtikisiko ukalisogeza lile kopo. Likateleza. Likaingia kati ya rola na kisu.

Mwanangu, sauti ile sitaieleza. Kopo likapasuka na ugoro wote, ulionunuliwa siku hiyohiyo, ukapanda hewani kama vumbi la Serengeti nyumbu wanapokimbia. Chafya ya kwanza ilikuwa yangu, iliniondoa kwenye kigoda. Ya pili ilikuwa ya chumba kizima. Pamba ikaruka juu, watu wakawa hawaonani, na katikati ya lile wingu la kahawia nikasikia mzee Ng'wandu akisema neno moja tu, kwa utulivu wa mtu aliyekuwa akilitegemea tangu asubuhi.

"Dawa."

Basi. Wenye akili walitoka mlangoni. Mzee Ng'wandu alitoka dirishani, na dirisha lile lilijengwa kwa ajili ya hewa, halikujengwa kwa ajili ya Ng'wandu. Nusu yake ilifika nje mapema, nusu nyingine ilihitaji vibarua.

Wakati huo Wagalu wanarudi kutoka kwenye uji. Shangazi Minza akaingia chumbani kwake, akafika mahali pake, akakuta bolti nne zinamtazama. Akaita watu wake wote, akawauliza kwa sauti ya chini, na mwanangu, ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akiongea kwa sauti ya chini:

"Nani amekufa?"

Wakamwambia hakuna aliyekufa.

"Basi mbona vitu vyangu vimeondolewa?"

Akakaa sakafuni. Wagalu wote wakakaa. Nje, Wagika wamekaa. Injini inanguruma, shafti inazunguka vyumba vyote viwili, mikanda inapiga makofi, na hakuna kidole kimoja kinacholisha pamba. Chumba cha kutoa kimepungukiwa, chumba cha kupokea hakipokei, na mashine yenyewe iko katikati haina mwenyewe. Nasikia kwenye seva zenu nayo hutokea, prosesa inang'olewa upande mmoja na upande wa pili hauitambui, inabaki imening'inia huku kila kitu kimeganda. Usidhani ni ugonjwa wa kompyuta. Nimeuona kwa macho yangu, na ulikuwa unapiga chafya.

Ngurumo ya kwanza ikapita juu ya bati.

Nikapanda juu ya robota nikatoa hotuba. Nilisema "ndugu wananchi" mara nyingi, nikataja uzalishaji, nikataja maadui ujinga, umaskini na maradhi. Walinisikiliza kwa heshima kubwa, wengine wakatikisa kichwa kukubali. Hakuna aliyenyanyuka.

Hamisi akaja. "Msimamizi, nizime? Dizeli inaungua bure."

Nikatazama wingu. Nikatazama rundo la kijiji chetu limekaa wazi kama mtu asiye na nguo. Nikaenda kwa shangazi, nikachuchumaa mbele yake.

"Ng'wana Shija," akasema. Shija ni baba yangu. Akiniita hivyo, mtoto wa Shija, najua hayuko kwenye mzaha. "Hapa palikuwa na mashine?"

"Palikuwa nayo, shangazi."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Kwenye uji."

"Nilikuwa kwenye uji. Sikuwa kaburini. Ni hatua ngapi kutoka hapa hadi kwenye uji?"

Nikainamia zile bolti nne.

"Msomi wa kugawanya, nakuuliza."

"Chache, shangazi."

"Umeichukua mashine ikiwa inatafuna, hukuiacha imeze. Umewapelekea Wagika taka zetu na ugoro wangu, sasa wanasema nimewaroga. Mimi Minza niroge watu ambao nawashinda kwa miguu yangu mwenyewe? Umenitia aibu kwa watu wadogo."

"Shangazi, mvua inakuja."

"Naiona. Pamba ile nimeipalilia mimi, kwa mgongo huu, wewe uko darasani unajifunza desimali. Usinifundishe mvua." Akajifunga kanga upya. "Unataka mashine iende kule ifanye kazi?"

"Nataka, shangazi."

"Basi irudishe hapa."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Irudi? Shangazi, tukiirudisha tunapoteza muda. Si iko kule tayari?"

"Iko kule kwa wizi. Siwezi kukupa kitu ambacho sina. Kilete, nikishike, ndipo nikupe."

Nikamtazama Hamisi, Hamisi akatazama dari. Basi maksai wakafungwa upya, mashine ikafunguliwa, ikapita tena uani mbele ya Wagika na Wagalu wote, safari hii kinyumenyume na mimi naisukuma kwa nyuma. Hata maksai, naamini, walikuwa wanacheka. Tukaikalisha palepale ilipotoka. Shangazi akainuka, akajikung'uta, akachukua brashi. Akaisafisha pole pole, rola, visu, sinia, kila pembe, hadi nyuzi ya mwisho ya fifi ikatoka. Akatoa kipande chake cha kanga, akakikunja kwapani. Akaegemea mashine.

"Haya. Niombe."

"Shangazi Minza, naomba mashine yako ikasaidie chumba cha safi."

"Hiyo moja tu?"

"Mbili. Misingi mitupu iko miwili."

"Hadi lini?"

"Hadi rundo la kijiji liishe."

"Na fifi ikiletwa kabla ya hapo?"

Hapo, mwanangu, penseli yangu ilinyamaza. Mikokoteni ya fifi ilikuwa bado inakuja kutoka vijijini, na sikuwa nimeihesabu. Shangazi akageuka akazitazama mashine zilizobaki, moja moja, kama mtu anayehesabu ng'ombe jioni.

"Mbili nakupa," akasema. "Yangu na ya Kabula. Hizi zinazobaki zinatutosha kupumua. Ungeomba ya tatu ningekuonyesha mgongo. Kabula, safisha yako."

Muda si mrefu zikawa tayari zote mbili. Hakukubali maksai waende peke yao. Alifunga kamba kwenye mashine yake, akashika ncha yake, akatangulia mbele, kama anavyofanya mtu anayepeleka ng'ombe wake akatunzwe kwa rafiki. Wagalu wote wakafuata nyuma. Mlangoni mwa safi mzee Ng'wandu alikuwa amesimama, ameujaza mlango hadi hewa inapita kwa zamu.

"Mwadila, Minza," akasalimia.

"Mwadila, Ng'wandu. Nimekuletea mashine."

"Ile yenye dawa?"

"Dawa ipi? Vuta hewa kwa pua vizuri. Bado unayo kwenye masharubu."

Mzee Ng'wandu akajifuta masharubu kwa kidole, akanusa kidole. Akanusa tena. Uso wake ukaanza kubadilika.

"Huu si ugoro wa duka la pale sokoni? Wa yule Mpemba mwenye mizani?"

"Ndiyo."

"Ule anaochanganya na magadi ya Eyasi?"

"Wewe mwenyewe si ndio unaununua."

"Ndio ninaonunua," akakubali Ng'wandu, na sasa alikuwa ananusa kwa upendo. "Mimi nilijua ni ugoro tangu mwanzo."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Dirishani ulikuwa unafuata nini?"

Wagalu wakacheka, kisha, kitu ambacho sikutegemea, Wagika nao wakacheka, na mzee Ng'wandu akacheka kuliko wote, tumbo likimtikisika kama mashine iliyolegea nati. Lakini hakusogea mlangoni.

"Minza," akasema, "unanipa, au huyu mtoto ananipa?"

"Nakupa mimi. Hadi rundo liishe, kisha inarudi."

"Na tabia zake?"

"Yangu usiishindilie, inanuna. Ilishe kidogo kidogo kutoka mkono wa kulia. Ikianza kulia kama mbuzi, inataka mafuta. Ya Kabula haina maneno, ila inapenda kula ncha za kanga, mwambie anayekaa ajifunge vizuri."

Ng'wandu akarudia yote hayo kwa sauti ili watu wake wasikie. Akaweka mikono yote miwili juu ya mashine. "Tumeipokea," akasema, ndipo akaufungua mlango.

Niliyoyaona baada ya hapo hayapo kwenye hesabu yoyote. Wagika hawakutaka isemwe kwamba mashine ya Minza ilikaa kwao ikavivia. Wakailisha kama mgeni wa harusi. Wagalu, walioisindikiza, wakasimama mlangoni wakiitetea, wakisema tazama ya kwetu inavyokimbia, zenu zinajikongoja; na Wagika waliokuwa kwenye mashine zao za asili wakaona haya, wakaongeza kasi. Ngoma ikaanza mdomoni. Upande huu unaimba, upande ule unajibu, rola zinapiga mdundo. Hamisi aliniambia baadaye kwamba injini yenyewe ilianza kuyumba kwa mwendo wa ngoma. Simwamini sana, lakini napenda kuisimulia.

Rundo likawa kichuguu, kichuguu kikawa fungu dogo. Ndipo matone ya kwanza yakaanguka, makubwa kama mayai ya kanga. Wagalu hawakuambiwa na mtu. Walinawa mikono na kukung'uta nguo kwenye pipa la mlangoni ili wasiingize fifi, wakakimbilia uani, wakaizoa pamba kwa mikono na kuirushia Wagika ng'ambo ya kizingiti. Shangazi Minza alibeba mzigo ambao mimi nisingeuinua kwa winchi. Nami nilibeba, nikateleza, nikabeba tena.

Tuliiokoa, mwanangu. Karibu yote. Lile tabaka la chini lililokaa juu ya magogo lililowa, magunia kadhaa, na kila mtu pale alijua ni muda upi uliokula magunia hayo. Ni ule wa maksai kwenda, kurudi, na kwenda tena. Meneja alipofika ametapakaa tope hadi kofia, akauliza swali moja.

"Imenyeshewa?"

"Kidogo, ndugu meneja."

"Kwa nini kidogo?"

Kiwanda kizima, Wagika kwa Wagalu, wakanigeukia mimi. Nikamweleza yote, hadi ugoro. Alijitahidi kukunja uso wa kimeneja, akashindwa, akaenda kusimama nyuma ya ghala kwa muda.

Rundo lilipokwisha nilikwenda kuzichukua zile mashine mbili. Mzee Ng'wandu alikuwa amekaa kwenye ile ya shangazi, ameipaka mafuta inang'aa, hataki kubanduka. Safari hii sikuita maksai. Nilichuchumaa, nikasema, "Mzee, kazi tuliyoiombea imekwisha, naomba mashine irudi kwao." Akanitazama sana, akamaliza pamba iliyokuwa mdomoni mwa mashine, akaisafisha, akaifungua nati ya kwanza kwa mkono wake mwenyewe.

Na msimu wa ngoma uliofuata nilikwenda uwanjani kutazama. Wagika wakaanzisha wimbo mpya, unaomsema msomi aliyeiba mashine shangazi yake akiwa kwenye uji. Nikaona aibu, nikahamia upande wa Wagalu kujificha. Wagalu walikuwa wanauimba huohuo. Pande mbili ambazo hazikuwahi kukubaliana hata jua limechomoza wapi zilikubaliana juu yangu, na mwaka huo watazamaji hawakujua nani ameshinda, walikuwa wanacheka tu.

Basi hiyo ndiyo nasaha yangu, mwanangu, na hapa sitanii sana. Utakapokaa mbele ya seva yako, ukaona sehemu ya ardhi imelala na ya mishahara inahema, usikimbilie kunyofoa. Hata kama una ruhusa, hata kama chuma ni cha serikali na hesabu imekubali. Iambie kwanza sehemu inayotoa kwamba unahitaji, uiache imeze kilicho mdomoni, iweke kumbukumbu zake mahali salama, ikuachilie yenyewe. Usiikamue hadi ya mwisho; acha kinachoitosha kupumua, kwa sababu mikokoteni yake nayo iko njiani hata kama wewe huioni. Kabla hujachomeka upande wa pili, hakikisha upande wa pili unakijua kitu kinachokuja na umekubali kukipokea, la sivyo utakuwa umepunguza kwa mmoja bila kuongeza kwa mwingine. Sema pia kitarudi lini, na siku hiyo ikifika urudishe bila kukumbushwa. Na ukikosea ukachukua vibaya, usione haya kurudi nyuma kukirudisha ndipo uombe upya. Nilidhani kurudi ni kupoteza muda. Muda niliupoteza nilipokwenda bila kuomba.

Na usidhani ni habari ya mashine peke yake. Utakuwa mkuu wa idara, utahamisha watu kutoka ofisi hii kwenda ile. Utakuwa na nyumba, utatoa kwa mtoto mmoja umpe mwenzake. Kila mara kutakuwa na mtu aliyekwenda kunywa uji akiamini kwamba akirudi atakuta mahali pake. Tembea hizo hatua chache ukamwambie.

Mungu akuweke, mwanangu. Akupe macho ya kumwona anayelemewa na adabu ya kumwomba aliye na nafasi. Unaowachukulia wakukabidhi kwa mikono yao, unaowapelekea wakupokee mlango wazi, na mvua ikuwahi kwenye mashamba, isikuwahi uani. Wabeja sana kwa kunisikiliza. Nenda kazini kwa amani.